Baada ya Kubadili Jina Kisheria: Jinsi ya Kurekebisha Kumbukumbu na Akaunti Zako Nchini Kenya

Mtu aliyebadili jina hubaki na majina mawili kwa muda mrefu kuliko anavyotarajia. Sheria hulitambua jina jipya pindi hati inaposajiliwa, lakini benki, mwajiri, kampuni ya simu na msajili wa ardhi hawana habari mpaka uende mwenyewe uwaarifu, tena kila mmoja kwa wakati wake na kwa karatasi anazozitaka yeye. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na hati za kubadili jina ni miongoni mwa shughuli zinazopita mezani pangu kila mwezi. Wateja wanaorudi wakiwa na shida hawarudi kwa sababu hati ilikataliwa. Wanarudi kwa sababu waliichukua hati, wakafurahi, wakaiweka kabatini, na miaka mitatu baadaye wakajikuta mbele ya kaunta wakiulizwa, "Huyu aliyeandikwa hapa ni nani?"

Kinachokuunganisha na mali yako, masomo yako na michango yako ya uzeeni ni uzi wa karatasi unaothibitisha kuwa yule wa zamani na huyu wa sasa ni mtu mmoja. Hatua zote ninazozieleza hapa chini, pamoja na mpangilio wake, zinalenga kuulinda uzi huo usikatike.

Tofauti ya kubadili na kusahihisha

Hapa Pwani watu wengi wanaosema wanataka kubadili jina huwa kwa kweli wanataka kulisahihisha. Baba aliandikishwa Athman, mtoto akaandikwa Athumani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, kitambulisho kinasema Fatuma. Na jina la Mtume limeandikwa kwa tahajia nne katika karatasi nne za mtu huyo huyo. Ikiwa kosa ni la tahajia, na unayo karatasi ya awali inayoonyesha jina lilivyokusudiwa, mara nyingi hati ya kiapo pamoja na ushahidi huo hutosha kuifanya ofisi husika irekebishe kumbukumbu yake. Usilipie hati ya kubadili jina kabla hujauliza jambo hili.

Aliyeolewa na anayetaka kuongeza jina la mume hutumia cheti cha ndoa, na aliyeachika na anayetaka kulirudia jina lake la awali hutumia amri ya mahakama ya kuvunja ndoa au, kwa Waislamu, cheti cha talaka kilichosajiliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinapaswa kusajiliwa. Ndoa za kimila zilianza kusajiliwa na kupewa vyeti mwaka 2017, kwa hiyo wanandoa wa kimila wa miaka ya nyuma ambao bado wanategemea kiapo tu wangefanya vyema kusajili ndoa yao kwanza, kwani cheti hufungua milango ambayo kiapo hakifungui. Nitaje pia, kwa kuwa swali hili huulizwa na wanawake wengi, kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mke kuchukua jina la mumewe.

Kwa mtoto mdogo ipo njia nyepesi ambayo wazazi wengi hawaijui. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kinaruhusu jina la mtoto lililosajiliwa kubadilishwa ndani ya miaka 2 tangu usajili ufanyike, kwa ombi la mzazi au mlezi na kwa kulipa ada. Muda huo ukipita, utahitaji hati ya kubadili jina kama watu wengine.

Majina ya zamani yaandikwe yote katika hati

Kwa wanaohitaji hati yenyewe, sehemu hii ndiyo ninayowaomba waisome polepole, kwa sababu kosa linalofanywa hapa hulipiwa kwa miaka mingi.

Hati ya kubadili jina husema mambo matatu: kwamba umeliacha kabisa jina la zamani, kwamba umelichukua jina jipya kwa shughuli zote, na kwamba unawaomba watu wote wakuite na kukuandika kwa jina hilo jipya peke yake. Unaitia sahihi kwa jina la zamani na kwa jipya, mtu mwingine anayekufahamu anaapa kwamba wewe ndiye, hati inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, Nairobi au hapa Mombasa, kisha tangazo lake linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa.

Kabla wakili hajaandika hata neno moja, kaa chini na karatasi zako zote uzitandaze. Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye kitambulisho chake kinasema Mwanaisha Ali Juma. Cheti cha darasa la nane kinasema Mwana Isha Ali, kitabu cha benki kinasema Mwanaisha A. Juma, na hatimiliki ya shamba alilorithi Kilifi inasema Mwanaisha binti Ali. Akiandika katika hati kwamba awali alijulikana kwa jina la Mwanaisha Ali Juma peke yake, amejenga daraja moja ilhali ana mito minne ya kuvuka. Msajili wa ardhi atamwambia, na atakuwa na haki, kwamba hati haimtaji Mwanaisha binti Ali popote. Hati moja inaweza kuyabeba majina yote ya zamani, kila moja kwa tahajia yake, likiunganishwa na lingine kwa maneno "ambaye pia alijulikana kama". Mwombe wakili afanye hivyo. Akisita, mwonyeshe karatasi.

Kisha amua jina jipya kwa herufi zake za mwisho. Liandike kwa herufi kubwa katika kadi ngumu, kwa mpangilio utakaoutumia daima: jina la kwanza, la pili, la tatu. Ikiwa unataka kiungo cha "bin" au "binti" kiwemo, kiwemo kila mahali, na kama hukitaki kisionekane popote. Kadi hiyo itembee nawe katika kila ofisi, na karani akikuuliza jina lako mpe kadi aisome, usimtajie kwa mdomo. Nimeona hati safi kabisa ikizaa kitambulisho chenye "h" moja iliyozidi kwa sababu tu jina lilitamkwa katika chumba chenye kelele.

Tangazo likitoka, lisome siku hiyo hiyo. Ukikuta kosa, mwambie wakili wako mara moja, kwa kuwa marekebisho nayo huchapishwa katika Gazeti. Ukikuta liko sawa, andika nyuma ya kadi yako tarehe ya Gazeti, nambari ya toleo, nambari ya tangazo na ukurasa, kwani utaulizwa mambo haya mara nyingi. Nunua nakala kadhaa za toleo hilo, na uiombe ofisi ya wakili ikutengenezee nakala zisizopungua sita za hati zilizothibitishwa kwa muhuri na sahihi. Hati halisi iliyosajiliwa isitoke nyumbani ila kwa kuonyeshwa na kurudishwa papo hapo, na usikubali kuiacha kaunta yoyote hata ukiahidiwa kuwa utaipata kesho.

Kitambulisho kwanza, mengine baadaye

Ofisi nyingi unazokwenda kuziarifu haziliamini jina unalowaambia wala hazilitegemei lile lililo katika Gazeti peke yake. Huandika nambari yako ya kitambulisho katika kompyuta na kusoma jina linaloletwa na mfumo wa pamoja wa usajili wa watu, unaojulikana kwa kifupi kama IPRS. Benki, kampuni za simu na KRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wote huchota humo. Ndiyo maana anayekimbilia benki kabla ya kubadili kitambulisho hurudishwa, hata kama hati yake haina doa, kwa sababu karani akibonyeza nambari yake, jina linalojitokeza ni lile la zamani.

Anza, basi, katika ofisi ya usajili wa watu ya eneo lako au katika Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Ya hapa mjini iko katika jengo la Posta, barabara ya Digo. Beba kitambulisho cha zamani, hati ya kubadili jina au cheti cha ndoa, nakala ya Gazeti, cheti cha kuzaliwa na nakala za kila kimoja. Alama za vidole zitachukuliwa upya na utapewa karatasi ya kusubiri. Nambari ya kitambulisho haibadiliki, na jambo hilo linapaswa kukupa utulivu mkubwa, kwa maana ndiyo inayoshikilia rekodi zako zote wakati jina linapohama.

Hata hivyo, kitambulisho cha zamani huchukuliwa unapoomba kipya, na karatasi ya kusubiri haikubaliki kila mahali. Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kwenda, maliza kila shughuli inayohitaji kitambulisho halisi: toa benki fedha utakazohitaji kwa wiki kadhaa, badilisha laini ya simu iliyoharibika, pokea mzigo uliotumwa, na uahirishe safari ya ndege. Piga picha ya kitambulisho cha zamani mbele na nyuma, tena utoe nakala na uithibitishe kwa wakili. Nakala hiyo itakuwa na thamani baadaye kuliko unavyoweza kufikiri sasa, kwani kitambulisho chenyewe hutakiona tena.

Kadi mpya ikifika, usiondoke dirishani kabla hujaisoma herufi kwa herufi ukiilinganisha na kadi yako ngumu. Kosa likigunduliwa hapo hapo hutajwa kuwa la ofisi. Likigunduliwa mwezi ujao huonekana kama ombi jipya, na utalilipia.

Ushuru, mwajiri na michango

Baada ya kitambulisho ninapendekeza KRA, kwa sababu mwajiri, benki na hata mnunuzi wa gari lako watakuomba cheti cha PIN, yaani nambari ya mlipa kodi. Ingia katika akaunti yako ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni, fungua sehemu ya usajili, chagua kurekebisha taarifa za PIN, na uambatishe hati zako. Nambari ya PIN hubaki ile ile. Usisajili PIN mpya kwa jina jipya kwa hali yoyote, kwa maana mtu hupewa PIN moja tu, na ya pili itakuletea madai ya marejesho ya kodi ambayo hayakuwasilishwa. Marekebisho yakikubaliwa, chapisha cheti kipya.

Mwajiri apewe barua, si taarifa ya mdomo. Nyakati ninazoziona zikileta usumbufu ni zile za katikati ya mwaka: fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka, hutolewa ikiwa na jina moja, iTax inaonyesha jingine, na marejesho ya mwaka uliotangulia yanatakiwa kufika kabla ya tarehe 30 Juni. Ukiweza, mwarifu mwajiri mwanzoni mwa mwezi, kabla orodha ya mishahara haijafungwa, na uhakikishe jina katika orodha hiyo linabadilika mwezi ule ule linapobadilika benki. Mshahara uliotumwa kwa jina lisilolingana na akaunti unaweza kurudishwa ulikotoka.

Huko huko kazini, uliza ni nani anayepeleka taarifa zako NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Usiridhike na jibu la "itajirekebisha yenyewe". Ingia mwenyewe katika akaunti yako ya NSSF, au nenda kaunta, uone kwamba michango ya miaka iliyopita bado iko chini ya nambari yako ya uanachama. Wategemezi waliosajiliwa kwa ajili ya matibabu nao waangaliwe, kwani mke aliyebadili jina huweza kuonekana hospitalini kama mtu tofauti na yule aliyeandikwa na mumewe, na hospitalini si mahali pa kuanza kutafuta nakala za Gazeti. Aliyekopa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, aiarifu pia, kwa kuwa deni halibadiliki kwa kubadilika jina, na malipo yanayotumwa kwa jina lisilotambulika huchelewa kuhesabiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa taarifa za mikopo katika ofisi za kumbukumbu za wakopaji: historia yako, nzuri au mbaya, inafuata nambari ya kitambulisho.

Benki, chama cha akiba na simu

Benki itataka kukuona wewe mwenyewe. Utajaza fomu ya kubadili taarifa, utaacha nakala zilizothibitishwa, na utaweka sahihi mpya katika kadi ya sahihi. Watu husahau kwamba sahihi iliyojengwa juu ya jina la zamani nayo hubadilika, na kwamba hundi iliyoandikwa jana kwa sahihi ya zamani inaweza kukataliwa kesho. Ikiwa uliandika hundi ambazo bado hazijapitishwa, subiri zipite kwanza. Ikiwa kuna watu ambao bado watakulipa kwa jina la zamani, kama vile kampuni inayokupa gawio au mpangaji wako wa miaka mingi, iombe benki kwa maandishi iweke jina hilo katika kumbukumbu za akaunti kwa kipindi cha mpito.

Kama una mkopo, mwambie afisa wa mikopo moja kwa moja, kwa sababu mkataba wa dhamana unaweza kuwa katika faili tofauti na ile ya akaunti. Chama cha akiba na mikopo kina orodha yake ya wanachama na, jambo zito zaidi, orodha ya walioteuliwa kurithi akiba. Unapobadili jina lako huko, tazama pia majina ya hao ulioandika. Wenye hisa wamwendee dalali wao wa soko la hisa ili akaunti ya hisa irekebishwe. Gawio lisilodaiwa kwa muda mrefu huishia kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na kulidai huko kwa jina ambalo halilingani na la kwenye rejista ni safari ndefu.

Laini ya simu hubadilishwa katika duka la kampuni yenyewe ukiwa na kitambulisho kipya. Jambo hili laonekana dogo, lakini fikiria mtu anapotaka kukutumia fedha kwa M-Pesa: kabla hajathibitisha, huduma ya Hakikisha humwonyesha jina la mpokeaji. Akiona jina asilolijua, ataghairi, na pengine atakupigia akidhani nambari yako imeibwa. Wafanyabiashara wenye nambari ya till, ile ya kupokelea malipo ya wateja, wasisahau kwamba hiyo ina usajili wake, mbali na laini ya mtu binafsi.

Na tahadhari ambayo naitoa kwa moyo wote: wakati huu wa mpito ndio matapeli wanaoupenda. Hakuna afisa wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji nambari yako ya siri ili kubadili jina. Anayekupigia akisema "tunakamilisha mabadiliko ya jina lako, tutajie nambari tuliyokutumia" ni mwizi, kata simu.

Pasipoti

Pasipoti hairekebishwi kwa kalamu. Unaomba nyingine kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa tayari na kitambulisho kipya, kisha unapeleka karatasi na kuchukuliwa alama. Visa zilizo ndani ya pasipoti ya zamani ziko kwa jina la zamani, kwa hiyo uliza ubalozi husika kabla ya kuamua lolote, na usinunue tiketi kwa jina ambalo halimo katika pasipoti utakayoibeba siku hiyo.

Kwa ndugu zetu walio Saudi Arabia, Qatar, Oman au Falme za Kiarabu kwa mkataba wa kazi, ushauri wangu ni kutobadili pasipoti katikati ya mkataba isipokuwa pana dharura. Kibali cha ukaazi, mkataba, akaunti ya mshahara na bima huko vyote vimeandikwa kwa jina lililo katika pasipoti uliyoingia nayo, na si rahisi kumfanya mwajiri wa mbali aielewe hati iliyosajiliwa Mombasa. Ngoja mkataba uishe, rudi nyumbani, maliza kila kitu, kisha uondoke na jina moja.

Vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa

Hapa ndipo ninapoona machozi zaidi, kwa kuwa watu hutamani kila karatasi ioneshe jina lao jipya. Cheti cha mtihani hueleza kwamba mtu fulani, aliyesajiliwa kwa jina fulani, alifanya mtihani mwaka fulani. Chukulia kwamba kitabaki kama kilivyo, na ujiandae kukionyesha pamoja na hati na Gazeti kila mara. Mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi iliyoletwa na mwanaharakati Audrey Mbugua, iliagiza KNEC, baraza la mitihani, itoe cheti kipya cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, chenye jina lake jipya. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila ilibidi ufunguliwe kwa amri ya mahakama. Vyuo vikuu vina taratibu zao. Mwandikie msajili wa masomo, na kama bado hujahitimu, fanya hivyo kabla orodha ya wahitimu haijachapishwa.

Kwa mtu mzima, cheti cha kuzaliwa kibaki salama na kisitupwe, kwani ndicho mwanzo wa uzi wote. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako vitaendelea kulibeba jina la mama au baba la wakati ule. Weka nakala iliyothibitishwa ya hati yako katika faili la kila mtoto, kwa sababu atakapofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, ataulizwa ni kwa nini jina la mzazi katika cheti si lile lililo katika kitambulisho cha mzazi, na huenda siku hiyo usiwepo.

Ardhi na gari

Hatimiliki huachwa nyuma kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa shamba halimuulizi mwenyewe jina. Aliwahi kuja ofisini kwetu kijana ambaye mama yake alikuwa amefariki. Cheti cha kifo kilikuwa na jina la ndoa, hatimiliki ilikuwa na jina la usichana, na kitambulisho cha zamani kilichounganisha majina hayo mawili hakikuwa na nakala popote. Cheti cha ndoa kilikuwa kimepotea. Mzee wa mtaa alijua, chifu alijua, jirani walijua, lakini faili la mirathi lilisimama kwa miezi mingi huku tukikusanya viapo vya wazee wawili waliohudhuria harusi ile. Mama yule angeweza kulimaliza jambo hilo katika uhai wake kwa kupeleka ombi la kubadili jina katika ofisi ya msajili wa ardhi, pamoja na hatimiliki, cheti cha ndoa, kitambulisho na PIN.

Kwa hiyo, ikiwa una kipande cha ardhi, hata kama huna mpango wa kukiuza, nenda kwenye rejista ya kaunti kilipo. Ikiwa ardhi ni ya pamoja na ndugu zako, waarifu kabla hujaenda, ili wasije wakashtuka kuona jina geni katika rejista na kudhani mtu ameuza fungu. Wosia, kama unao, uandikwe upya ukitaja majina yote mawili.

Gari hurekebishwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, pamoja na leseni ya udereva, na kampuni ya bima iarifiwe juma hilo hilo ili cheti cha bima kisipingane na kitabu cha gari.

Barua moja kwa ofisi zote

Huhitaji kutunga barua mpya kila mara. Hii inatosha, ukibadili anwani na nambari za kumbukumbu:

"Mimi, mwenye kitambulisho nambari (andika), ambaye awali niliandikwa katika kumbukumbu zenu kwa jina la (jina kama lilivyo katika rekodi yao, herufi kwa herufi), nawaarifu kuwa nimebadili jina langu kisheria na sasa naitwa (jina jipya). Hati ilisajiliwa tarehe (andika) na tangazo lake likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali la tarehe (andika), tangazo nambari (andika). Naomba mrekebishe rekodi yangu nambari (akaunti, uanachama au sera), mhifadhi jina la awali kama kumbukumbu, na mnithibitishie kwa maandishi. Nimeambatisha nakala zilizothibitishwa za hati, Gazeti na kitambulisho changu kipya."

Toa nakala mbili, moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Ofisi ikikawia au ikikataa bila sababu, andika barua ya pili ukitaja Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha zinazomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa haki ya kutaka data zake binafsi zisahihishwe. Ikishindikana bado, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Katika uzoefu wangu barua ya pili yenye muhuri wa ile ya kwanza huwa imetosha.

Zinazobaki ni nyepesi, ila zisisahaulike: daftari la wapiga kura katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lako, mapema kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027; chama cha taaluma yako, ikiwa unafanya kazi kwa leseni ya uuguzi, ualimu, uhandisi au uwakili; shule za watoto; mita ya umeme na ya maji; kadi ya kliniki. Anwani ya barua pepe yenye jina la zamani usiifunge kwa angalau mwaka mmoja, kwa sababu akaunti nyingine hutuma huko ujumbe wa kurejesha nywila, na ukiifunga mapema utajifungia nje ya akaunti ambazo hukumbuki hata kuwa unazo.

Karatasi zote hizi, pamoja na ile kadi ngumu, zikae katika bahasha moja ya plastiki isiyopenya maji, na mtu mmoja unayemwamini nyumbani ajue ilipo.